Kufundisha kubadilisha kurba za fonksiyo kwa proje ya kutengeneza muchezo: nani alishajaribu?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu):

Bakubwa na bandugu balimu, jambo kwenu bote. Niko nafundisha hesabu mu ya tatu sianse apa Bukavu na sasa tumefika ku ile sehemu ya kubadilisha kurba: unachukua f(x) yenye banafunzi banajua, kisha unabaandikia f(x)+k, f(x−h), a·f(x), f(bx), −f(x), f(−x), na unabauliza kurba imeenda wapi, imevutwa ao imebanwa, imegeuka namna gani. Kila mwaka shida ni ile ile. Banakariri "plus ya inje inapandisha, minus ya ndani inapeleka kuume", intero (ile jaribio fupi ya darasa) inapita muzuri, pointi zinajaa, kisha mwezi unaofuata unabapa f(2x−6) na darasa zima inakujibu kwa sauti moja kurba imesogea sita kuume. Na ukibauliza juu ya nini minus inapeleka kuume wakati fasi ingine yote minus inapeleka kushoto, kimya.

Banafunzi bangu banapenda michezo ya telefone sana, ata wakati wa mapumziko utabakuta batano juu ya telefone moja, ule anaruka ukuta, ule anapiga kelele. Njo nikawaza: tuanzishe proje, kila ekipe itengeneze muchezo wake mudogo, kuko mutu mwenye anaruka bizuizi, na kila kuruka kuandikwe na fonksiyo moja ya musingi yenye imebadilishwa. Sasa maswali. Ordinatere iko moja tu, mu biro ya prefe, na umeme unakuja vile unataka. Telefone za Android karibu nusu ya darasa biko nazo, bengine hapana. Na darasa ni bantu zaidi ya makumi tano. Ya pili, nianzie ku fonksiyo gani? Nilikuwa nawaza x² juu njo bamezoea. Ya tatu, na njo inanisumbua kuliko zote: namna gani nifanye hesabu ikuwe ndani ya muchezo kwelikweli, isikuwe batoto banachora picha muzuri za rangi kisha banabandika formula pembeni juu mwalimu ameiomba?

Nimeona balimu ba Marekani banafanya mambo ya namna iyi na Desmos, ile program ya intaneti ya kuchora kurba, lakini kwetu mega ni bei. Kama kuna mutu alishafanya, ata na karatasi tu, anielezee wazi wazi. Aksanti mbele ya yote.


Yaya_Kamalondo (Lubumbashi):

Mwalimu mwenzangu, jambo kutoka Lubumbashi. Minafundisha hesabu na informatika, kwa hiyo iyi swali yako iko karibu sana na mi.

X² uiache. Angalia juu ya nini. Ukigeuza x² kushoto-kuume, (−x)² ni x² tena, mwanafunzi hataona kitu chochote kimebadilika, ataandika "hakuna mabadiliko" na utamupa pointi bila kujua kama ameelewa. Kisha uivute mara nne kwenda juu: 4x². Sasa uibane kushoto-kuume mara mbili: (2x)², ni 4x² ile ile. Batoto bawili, mumoja anakuambia "nimevuta", mwingine anakuambia "nimebana", bote bawili biko sawa na wewe mwalimu huwezi jua nani ameona nini. Kwa kufundisha iyi somo parabola ya kawaida inaficha kila kitu chenye unataka kionekane. Inafaa fonksiyo yenye kushoto yake haifanane na kuume yake, na yenye iko na mwanzo na mwisho.

Mi minatumia mruko huu: toka −2 mpaka 0 ni 4 − x², toka 0 mpaka 1 ni 4 − 4x². Chora utaona. Anaondoka chini ku −2, ku −1 iko ku 3, ku 0 iko ku kilele 4, kisha anashuka mbio na ku 1 amekwisha fika chini. Sikuifanya ya ajabu ajabu bure, michezo mingi ya kuruka imetengenezwa hivyo, mutu anaanguka mbio kuliko vile alipanda, muchezaji anaisikia muzuri mu vidole. Banafunzi benye banacheza kila siku banaitambua palepale. Na sasa f(−x) inaonekana: ni mutu mwenye anaruka kwenda kushoto, anaondoka ku 2 anatua ku −1.

Kisha sheria ya proje, moja tu: hakuna kuandika fonksiyo ingine. Kila kitu chenye kinaruka mu muchezo ni f ile ile, unaweza kuisogeza, kuivuta, kuibana, kuigeuza, basi. Kilele cha mruko kikuwe ku 5? f(x−5). Aruke juu ya jukwaa lenye liko ku urefu wa 3? f(x)+3. Ukuta ni murefu, 4 haitoshi? 2f(x), kilele ni 8 na fasi anatua haibadilike.

Ya swali lako la tatu, apa njo moyo wa proje yote kwa mi. Kucheza na kutengeneza si kitu kimoja. Muchezo wa kurba ni wazo la zamani: miaka ya 1980 kule Marekani kulikuwa muchezo unaitwa Green Globs, mwanafunzi anaandika ekuasio, kurba inapita mu grafiki na kugonga mipira yenye iko pale. Desmos iko na Marbleslides, bilia zinateleza juu ya kurba na wewe unabadilisha namba mpaka zichukue nyota zote. Ni muzuri, lakini muchezaji anaweza kujaribu jaribu namba mpaka ipite, bila kuwaza. Mwenye anatengeneza anafanya kazi ya kinyume: anaweka kizuizi chenye kinakubali jibu la kweli na kinakatala makosa. Kwa hiyo kila ekipe, kwa kila kizuizi, banatoa bintu bitatu: formula yenye inapita, formula moja ya uongo yenye mutu wa kawaida angeandika, na fasi kamili kwenye ile ya uongo inaangukia. Picha muzuri haiwezi kubasaidia pale.

Chukua ile f(2x−6) yako. Weka ziwa, mawe mawili tu ndani ya maji, moja ku 2 ingine ku 3,5, na nyota ku (3, 4). Mwenye anafikiri "nimebana mara mbili kisha nimesogea sita" mutu wake anaondoka ku 5 na anatua ku 6,5, mu maji. Mwenye ameona kama 2x−6 ni 2(x−3) mutu wake anaondoka ku jiwe, anachukua nyota, anatua ku jiwe. Muchezo njo umekatala, si mwalimu, na mwanafunzi anarudi ku karatasi yeye mwenyewe kutafuta juu ya nini.

Kwa telefone: GeoGebra, program ya kuchora kurba. Ilianza 2001, Markus Hohenwarter wa Salzburg kule Austria njo aliianzisha, na ukishaiweka mu telefone inatumika bila intaneti, mumoja anaipakua na anaituma kwa benzake kwa Bluetooth. Kwa ordinatere: Scratch ya MIT (chuo kikuu cha Marekani), program ya batoto ya kutengeneza michezo, nayo ukishaiweka haiombe intaneti, jukwaa lake ni 480 kwa 360 na sifuri iko katikati, x inatoka −240 mpaka 240, y −180 mpaka 180, y inapanda juu kama mu kaye yetu. Kama uko na mwanafunzi mwenye anajaribu kuandika muchezo na JavaScript (lugha ya kuandika program) ku canvas, ile fasi yake ya kuchorea, umuambie mapema kule sifuri iko pembeni juu kushoto na y inashuka chini, kwa hiyo muruko wake utatoka kichwa chini. Acha aone, kisha umuulize atumie nini kuinyoosha. Jibu ni ile somo yako: −f(x) pamoja na urefu wa skrini.

Neno la mwisho juu ya kursa za GeoGebra, bile bya kuvuta na kidole kwa kubadilisha namba. Usibape mapema. Ukibapa kursa ya h na ya k banavuta vuta mpaka kurba ikae fasi yake, banafurahi, na hakuna kitu kimeingia. Kwangu ni karatasi kwanza, utabiri uandikwe na biki, si krayo, kisha njo telefone inafunguliwa.


Mama_Himbi (Goma):

Mwalimu, aksanti kwa swali, na yaya wa Lubumbashi umeelezea muzuri sana, ule mruko wako nimeuandika mu kaye.

Mi kwangu mu darasa hakuna telefone, sheria ya masomo inakataza, kwa hiyo nafanya yote na karatasi ya miraba na ile plastiki ya wazi ya kufunikia kaye. Inafanya kazi sana na nitasema fasi moja ata inashinda telefone.

Batoto ba Goma, ukibaambia muchezo, bataweka chukudu. Basi tuliweka chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma yenye inabeba mizigo. Kilima kimoja, njo f, kinachorwa na marker juu ya plastiki. Chini kuko karatasi ya miraba yenye iko na barabara, mawe ya lava, magunia ya makala yenye chukudu inafaa kukusanya. Ekipe inavuta karata: f(x−2), f(x)+1, f(−x), −f(x), f(x+3)−1, na inafaa kupeleka plastiki fasi karata inasema, kisha kuangalia kama njia inapita ku makala ao inaingia mu mawe. Kitu kidogo cha lazima: ku plastiki muchore nukta ku (0,0) pamoja na mishale miwili ya x na y. Bila ile nukta baada ya karata mbili hakuna mwenye anajua kilima kilianzia wapi na banaanza kugombana. Na ile nukta yenyewe, kila mara unabauliza: imefika wapi? Banasema (2, 0). Basi h ni 2 na k ni 0.

Kugeuza: f(−x), unageuza plastiki kama karatasi ya kitabu. −f(x), unaigeuza toka juu kwenda chini, kilima kinakuwa bonde na chukudu inaingia mu shimo. Ukifanya zote mbili, plastiki imezunguka nusu ya duara, banashangaa, unabaacha bajaribu bashike plastiki bila kuigeuza, bazungushe tu ku ile nukta, na inafika fasi ile ile.

Kisha njo nabatolea karata ya 2f(x). Banashika plastiki. Banaisogeza. Banaigeuza. Haiwezekane. Kimya kidogo, kisha kuna mumoja atasema: "Mama, iyi plastiki haiwezi, inafaa tuchore ingine." Apo njo somo yenyewe inaingia! Kusogeza na kugeuza haviharibu umbo, kuvuta na kubana vinaharibu. Mu kitabu banaandika zote mu tabelo moja, mistari sita inafuatana, ni kama ndugu wa baba mumoja, na mwanafunzi hajue kama ziko aina mbili tofauti kabisa. Mikono yake imeshamuonyesha. Kwa kuchora 2f(x) banaweka late (rula) ku mustari wa x, banapima urefu wa kila nukta, banaongeza mara mbili. Miguu ya kilima, kwenye urefu ni 0, haitoke fasi yake. Kwa f(2x) ni kinyume, banapima toka ku mustari wa y na banakata nusu.

Halafu order. 2f(x)+1 na 2(f(x)+1), nabapa ekipe mbili kila mumoja yake. Na mruko wa yaya, kilele cha kwanza ni 9, cha pili ni 10, na miguu ya kilima cha kwanza iko ku urefu wa 1, ya cha pili ku urefu wa 2. Banaweka plastiki juu ya ingine na banaona. Hakuna hotuba.


Papa_Ibanda (Bukavu):

Mwalimu wa Kadutu, nakusalimia, na mama wa Goma pia. Nimefundisha iyi course miaka mingi na nasema kwa heshima: muangalie wakati. Program ni murefu, kisha ku Exetat, ule mutihani wa serikali wa mwisho wa sekondari, mutoto anakuta item na majibu ya kuchagua, hakuna chukudu, hakuna plastiki, na hakuna mwenye atamupa saa nzima ya kugeuza karatasi. Bazazi nao bataniuliza juu ya nini batoto banacheza mu saa ya hesabu.

Na ya pili, proje ya ekipe nilishaona: mu bantu batano, bawili banafanya, mumoja anachora juu anajua kuchora, bawili banakaa. Mwisho bote banapata pointi moja. Ule mwenye alikuwa hajue f(x−3) anatoka vile aliingia.


Mama_Himbi (Goma):

Papa, ile ya pili uko na haki na inafaa iwekewe sheria toka siku ya kwanza. Kwangu kila mwanafunzi anatengeneza kizuizi chake peke yake, mu karatasi yake, na jina lake. Ekipe ni ya kubiunganisha tu bikuwe muchezo mumoja. Kisha ekipe zinabadilishana: ekipe ya pili inajaribu kuvunja kizuizi cha ekipe ya kwanza, kutafuta formula ingine yenye inapita bila kuombwa. Ukiivunja unapata pointi. Apo mwenye alikaa anaonekana palepale juu kizuizi chake njo cha kwanza kuvunjika, na mwalimu hana haja ya kukosoa karatasi makumi tano na kitu peke yake usiku.

Ya Exetat, papa, item njo ni mutego yenyewe! Majibu ya uongo mu item hayawekwe ovyo, ni yale yale mutu angeandika akikosea, "sita kuume" iko pale inamungoja. Mutoto mwenye ameshatengeneza yeye mwenyewe formula ya uongo na ameshaonyesha fasi inaangukia, ataitambua. Na mwisho wa proje nabapa intero ya kawaida, kila mutu peke yake, bila picha, bila plastiki. Ile intero njo inabeba pointi mingi, muchezo unabeba kidogo.

Kuhusu wakati, mi sifundishe kwanza kisha nafanya proje. Proje njo ni somo. Tabelo ya kukariri tunaiandika mwisho, na ni bao bananiambia nini ya kuandika.


Papa_Ibanda (Bukavu):

Ile ya kuvunja kizuizi cha bengine naikubali, mama. Ya kuandika tabelo mwisho naiona nguvu kwa darasa yenye iko na batoto bengi bazaifu, lakini nitaangalia.


fizikia_kenya (Lubumbashi):

Jambo bakubwa, mi niko mwanafunzi wa université apa, naongeza kitu kidogo kwa bale benye biko na ekipe ya nguvu. Bape level ya mwezi. Ku mwezi uvutano ni karibu moja ku sita ya wetu. Mutu anaruka na mwendo ule ule v, ku dunia urefu wake ku wakati t ni f(t) = vt − gt²/2, g ni uvutano wa dunia. Ku mwezi weka g/6 ku fasi ya g: vt − gt²/12. Sasa bauliza: ile ya mwezi ni f gani imebadilishwa? Bengi batasema 6f(t) juu banajua ataruka mara sita. Jibu ni 6·f(t/6). Piga hesabu utaona: 6 mara (vt/6 − gt²/72), inarudi palepale. Anapanda mara sita na anakaa mu hewa mara sita, kuvuta mbili pamoja mu formula moja, na hakuna mwenye alizipanga, uvutano wenyewe njo umezitoa. Mwalimu wa fizikia anaweza kusaidia pia.


Mwalimu_Kadutu (Bukavu):

Bakubwa, sijue niwashukuru namna gani. Kwa x² nimeelewa kabisa na sitaigusa. Ya mwezi nitaiweka mwisho kwa bale benye banapenda kujisukuma.

Lakini bado niko na ile swali ya moyo: minus ya kwenda kuume. Mruko mupya hauiondoe, bataona tu f(x−5) imeenda ku 5 na bataandika mu kaye "minus ni kuume" vile vile. Munaelezeaka namna gani?


Yaya_Kamalondo (Lubumbashi):

Mi natumia kamera. Mu michezo ya kukimbia mutu anabaki katikati ya skrini na dunia njo inarudi nyuma, banaijua bote. Mu Scratch unaiandika hivi: fasi ya kitu ku skrini = fasi yake mu dunia − fasi ya kamera. Jiwe liko ku 10, kamera iko ku 7, basi linaonekana ku 3. Kamera ikienda kuume, picha inaenda kushoto. Wakati mwanafunzi ameandika ile mustari yeye mwenyewe na ameona milima inarudi nyuma, anaelewa kama kugusa x ni kugusa jicho, si kugusa kitu, njo maana inaonekana kinyume.


Mama_Himbi (Goma):

Yaya, samahani, apa sikubaliane. Kamera ni kweli, lakini angalia: kamera ikienda 3 kuume, kurba ku skrini inakuwa f(x+3) na inaenda kushoto. Umemuletea mutoto alama ya plus, mwendo wa kamera kuume, mwendo wa picha kushoto, bintu bitatu na yeye alikuwa na shida ya kimoja. Kwa mwenye yuko ku ordinatere na anaiona inatembea, sawa. Kwa darasa ya karatasi itamuzubaisha.

Mi nauliza swali tu. Mruko wa yaya, ili mutu akuwe ku kilele, f inangoja kupokea nini? Inangoja 0. Muzuri. Sasa ndani ya parantezi nimeandika x−5. Ni x gani itaipatia ile 0? Ni 5. Basi kilele kiko ku 5. Sijasema kuume, sijasema kushoto. Kisha anaondoka wakati f imepokea −2: x−5 = −2, x ni 3. Anatua wakati imepokea 1: x ni 6. Maswali matatu, na mruko mzima umejua fasi yake. Na uzuri wake, ile ile inafanya f(2x−6) bila neno la kuongeza: 2x−6 = 0 inakupa 3, 2x−6 = −2 inakupa 2, 2x−6 = 1 inakupa 3,5. Ni ile mawe mawili ya ziwa na nyota yake. Kubana na kusogeza vimetoka pamoja, hakuna kujiuliza nianze na gani.


Yaya_Kamalondo (Lubumbashi):

Mama, iyi ya maswali matatu ni wazi kuliko yangu, naikubali kwa kuanza. Kamera nitaiacha kwa bale ba Scratch, juu bao bila ile mustari muchezo wao hautembee kabisa.


Mwalimu_Kadutu (Bukavu):

Sawa, nimeshajua namna ya kuanza. Wiki iyi mruko wa yaya ku plastiki, maswali matatu ya mama kwa kila karata, hakuna telefone. Kisha kila mutu kizuizi chake, na formula ya uongo pamoja na fasi inaangukia. Kuvunjana kizuizi kati ya ekipe, kisha GeoGebra kwa ekipe zenye ziko na telefone, telefone moja kwa ekipe inatosha. Papa Ibanda, ukipata nafasi uje siku ya kuvunjana, unikamatie ekipe mbili, juu bantu makumi tano na kitu peke yangu ni nguvu.

Swali la mwisho kwa mama: kama ekipe imepata formula ingine ya kweli yenye inapita, si ya uongo, kizuizi kinahesabiwa kimevunjika? Kwa mufano mutu ameweka jiwe ku −2 na ku 1 tu, bila nyota. f(x) inapita, lakini f(−x−1) nayo inapita, anaondoka ku 1 anatua ku −2.


Mama_Himbi (Goma):

Kimevunjika, ndiyo, na mwenye alikitengeneza anapewa nafasi ya kukifunga. Kwa ule mufano wako kilele cha f(x) kiko ku 0, cha f(−x−1) kiko ku −1. Aongeze nyota moja ku (0, 4) na imekwisha: f(−x−1) ku x = 0 inapokea −1, iko ku urefu wa 3, inapita chini ya nyota. Lakini umuache aitafute yeye. Na wale bengine nao baulizwe kama kuna formula ya tatu, juu 2f(x) nayo bado inatua ku mawe yale yale kama urefu haujafungwa.


Papa_Ibanda (Bukavu):

Nitakuja. Unitumie siku na saa, nitaleta late za mbao na karatasi za miraba zenye nilibaki nazo.